Anayejua Kushusha Kipeo Bado Hajajua Kalkulasi

Ingia kwenye darasa lolote la tuisheni, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, siku mwalimu anapofungua mada ya kalkulasi. Haipiti nusu saa utasikia: "Shusha kipeo, toa moja." Basi x² inakuwa 2x, x³ inakuwa 3x², x¹⁰ inakuwa 10x⁹, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Mwalimu anapangusa chaki mikononi na kuwaambia vijana wasitishwe na watu, kalkulasi ni mteremko. Wiki ya pili wanaingia kwenye intigresheni, ambayo nayo ni ile ile kinyumenyume: ongeza moja kwenye kipeo, gawanya kwa kipeo kipya, usisahau c. Wiki ya tatu ni karatasi za mitihani iliyopita. Anayezimaliza haraka anaitwa kichwa, na wazazi wake wanaambiwa mtoto ameiva.

Na grafu? Hizo zilifundishwa Kidato cha Tatu. Zinakula muda, zinataka karatasi ya miraba na penseli iliyochongwa, na alama zake ni za kuhesabu. Swali la grafu likija, liruke, mengine yapo.

Huu ndio mtazamo unaotawala, na wanaoushika si wavivu wala wajinga. Wengi ni walimu hodari ambao vijana wao wako leo udaktari na uhandisi. Bado naupinga wote. Kijana anayeweza kudifarenshieti kila unachompa, lakini hawezi kukuambia alichokipata kinasema nini kuhusu umbo la grafu, hajaonyesha umahiri wa kalkulasi, hata ile ya mwanzo kabisa. Ameonyesha umahiri wa aljebra. Ni sifa nzuri, ila ni ya somo jingine.

Mpe kijana huyo kazi hii: tafuta intigro ya 1/x² kutoka −1 hadi 1. Ataifanya upesi. 1/x² ni x⁻². Ongeza moja kwenye kipeo upate x⁻¹. Gawanya kwa −1. Kwa hiyo tunayo −1/x. Weka 1, unapata −1. Weka −1, unapata 1. Toa cha pili kwenye cha kwanza: −2. Anapiga mistari miwili chini ya jibu kama alivyozoezwa na kuhamia swali linalofuata. Ukikagua hatua moja moja, kila kanuni imefuatwa.

Sasa chora grafu ya 1/x². Namba yoyote isiyo sifuri ukiizidisha kwa yenyewe inatoka chanya, kwa hiyo 1/x² ni chanya popote ilipo. Grafu nzima iko juu ya mhimili wa x na haishuki chini hata kwa bahati mbaya. Intigro hapa inapima eneo lililo kati ya grafu na mhimili. Eneo la kitu kilicho juu tupu limekuwaje hasi 2? Tazama na pale katikati: x ikiwa 0.1 urefu wa grafu ni 100, x ikiwa 0.01 urefu ni 10,000, na kadiri unavyosogelea sifuri, kutoka upande wowote, grafu inazidi kupaa. Kwenye sifuri yenyewe hakuna kitu. Eneo hilo halina namba ya kulitaja, na aliyeuona mchoro anajua kabla hajashika kalamu kwamba −2 haiwezi kuwa jibu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu wetu alifundishwa kufumba.

Kuna jingine la aina hiyo. Chukua 1/x. Ukiidifarenshieti unapata −1/x², ambayo ni hasi kila mahali. Kanuni iliyokaririwa inasema mteremko ukiwa hasi, fankisheni inashuka. Haya: x ikiwa −1, fankisheni ni −1, x ikiwa 1, fankisheni ni 1. Tumetembea kutoka kushoto kwenda kulia, mteremko ni hasi kila tulipokanyaga, na tumefika juu zaidi ya tulipoanzia. Nimeliweka jambo hili mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, waliokuja na alama nzuri za Hisabati, nikawaona wakirudi kwenye aljebra kutafuta kosa. Kosa halimo huko. Grafu ya 1/x ni vipande viwili: cha kushoto kinazama chini kadiri kinavyokaribia sifuri, cha kulia kinaanzia juu kabisa na kushuka polepole, na katikati hakuna kinachoviunganisha. Kanuni ile inataka njia isiyokatika. Sharti hilo limeandikwa kwenye kila kitabu cha kiada chenye heshima, na ndilo la kwanza kuachwa mwalimu anapokimbizana na silabasi.

Najua nitakavyojibiwa: hayo ni maswali ya mtego, mtihani haupo hivyo. Sawa, tuache mitego. Hili hapa la kawaida, la aina iliyojaa kwenye vitabu: f(x) = x³ − 3x² + 2, tafuta nukta za kugeukia. Kijana anapata 3x² − 6x, anailinganisha na sifuri, x ni 0 au 2. Anadifarenshieti tena, 6x − 6. Kwenye 0 inatoka hasi, basi ni kilele. Kwenye 2 inatoka chanya, basi ni bonde. Alama zote. Mwulize sasa, bila kufanya hesabu nyingine ya maana, mlinganyo x³ − 3x² + 2 = 0 una majibu mangapi.

Hapo ndipo wengi wanapoanza upya. Huyu anabahatisha namba, yule anajaribu kugawanya, mwingine anaulizia kanuni ya milinganyo ya kipeo cha tatu kama ipo ile ya kipeo cha pili. Na jibu wanalo mkononi. Urefu wa kilele ni 2, juu ya mhimili. Urefu wa bonde ni −2, chini ya mhimili. Grafu inatoka chini kabisa kushoto, inapanda hadi 2, inashuka hadi −2, kisha inapanda na hairudi tena. Inavuka mhimili mara tatu, kwa hiyo majibu ni matatu. Ile kazi yote ya kutafuta nukta za kugeukia ilifanywa ili umbo hilo lijulikane, na aliyeifanya hakulitazama hata mara moja.

Wanaosema grafu ni pambo linaloongezwa hesabu ikishaisha wameishika historia kichwa chini miguu juu. Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa wa karne ya 14, alichora mwendo wa kitu: muda ukilala, kasi ikisimama wima juu yake. Akaonyesha kwamba kwa kitu kinachoongeza kasi sawasawa, eneo la umbo hilo ndilo linalotoa umbali kilichosafiri. Hilo ni wazo la intigresheni, kama miaka 300 kabla ya Newton na Leibniz, na hakukuwa na kipeo cha kushusha wala kupandisha. Leibniz alipochapa makala yake ya kwanza ya kalkulasi mwaka 1684, alichokitaja kwenye kichwa cha makala ni vilele, mabonde na mistari inayoigusa grafu. Kitabu cha kwanza cha kiada cha kalkulasi, cha L'Hôpital, kilitoka mwaka 1696 na jina lake linasema wazi kwamba kazi yake ni kuielewa mistari iliyopinda. Watu hawa walikuwa na maumbo wanayoyaona kwa macho na maswali kuhusu maumbo hayo. Kanuni zilikuja kuwafupishia kazi.

Mpinzani msomi ana silaha mbili hapa, na ni za kweli. Ya kwanza ni Lagrange, ambaye mwaka 1788 alitoa kitabu kikubwa cha mekanika na kutangaza kwenye dibaji kwamba msomaji hatakuta humo mchoro hata mmoja. Ya pili ni Weierstrass, ambaye mwaka 1872 alileta fankisheni isiyokatika popote na ambayo haina mteremko kwenye nukta yoyote. Hakuna jicho lingeweza kuikisia. Basi, wanasema, michoro inadanganya, mwanahisabati wa kweli anaiacha.

Lagrange aliiacha michoro baada ya kushiba jiometri tangu ujana wake, na aliowaandikia nao walikuwa wameshiba. Kumpa kijana wa Kidato cha Tano kitabu cha mtu aliyemaliza safari na kumwambia aanzie hapo si kumheshimu Lagrange. Kuhusu Weierstrass, nakubali bila ubishi: grafu inaweza kudanganya. Lakini tumetoka kuona kanuni ikitoa eneo la hasi 2 bila aibu. Vyote viwili vinadanganya, ila mara nyingi havidanganyi mahali pamoja, na ndiyo maana anayevitumia vyote anakamata uongo wa kimoja kwa kingine. Anayetumia kimoja tu hana wa kumwamsha.

Tuje kwenye ushahidi wa watu waliopima. Mwaka 1987 Lillian McDermott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fizikia na grafu. Moja ya kazi walizowapa ilikuwa na mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja ukionyesha kitu kiko wapi kadiri muda unavyokwenda, na mistari ikikatana. Je, kuna wakati vitu hivi vina kasi sawa? Wengi walionyesha pale mistari inapokatana. Pale vitu viko mahali pamoja. Kasi ni mteremko wa mstari, na mistari iliyonyooka yenye miteremko tofauti haionyeshi kasi sawa hata sekunde moja. Na hawa hawakuwa watu wasiojua kukokotoa mteremko. Wangepewa namba wangeukokotoa.

Hadithi hiyo hiyo ipeleke barabarani. Bodaboda moja imetoka Mwenge, Dar es Salaam, mapema na inakwenda Tegeta kwa utaratibu. Ya pili imetoka baadaye, inakimbia, inaipita ya kwanza pale Tangi Bovu. Kwenye sekunde ya kupitana ziko sambamba. Kuna abiria atakayesema zina mwendo sawa? Hakuna, tena yule wa nyuma kwenye pikipiki ya pili ameshikilia shati la dereva kwa mikono miwili. Chora safari hizo mbili kwenye karatasi, uliza tena, na watu wale wale wanakosea. Kwa hiyo tatizo si akili. Hakuna aliyewafundisha kuihamisha hadithi kwenda kwenye grafu na kuirudisha.

Eric Mazur wa Harvard alikutana na jambo la jamaa moja na hili kwenye darasa lake la fizikia: wanafunzi waliotatua saketi ngumu kwa milinganyo walishindwa maswali mepesi yasiyo na namba kuhusu saketi hizo hizo. Alibadili ufundishaji wake mzima, na mwaka 1997 akatoa kitabu juu yake. Kama ni hivyo Harvard, sioni kwa nini tujifariji kwamba vijana wetu wa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wanaopita BAM, ile Hisabati ya ziada ya Kidato cha Tano na Sita, kwa kukariri wanaelewa kimyakimya.

Kinachonikera zaidi ni ile kauli kwamba grafu ni mambo ya darasani tu. Kamata hati ya mshahara. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Tanzania Bara Julai 2021, kwa mwezi, mapato yanayotozwa kodi hadi shilingi 270,000 hayakatwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 kinakatwa asilimia 8. Kinachozidi hapo hadi 760,000, asilimia 20. Hadi 1,000,000, asilimia 25. Na kinachozidi milioni, asilimia 30. Sasa sikiliza maongezi ya ofisini mtu anapopandishwa cheo: "Nimevuka milioni, naingia kwenye asilimia 30, kumbe bora ningebaki pale pale." Nimeisikia kauli hii kwa watu wenye shahada, na mmoja wao ya uchumi.

Mtu huyo anaamini kwamba kwenye 1,100,000 atakatwa 330,000 na kubaki na 770,000. Twende taratibu. Kwenye milioni kamili kodi ni 128,000, anabaki na 872,000. Kwenye 1,100,000 kodi ni hizo 128,000 pamoja na asilimia 30 ya laki moja iliyozidi, yaani 30,000, jumla 158,000. Anabaki na 942,000. Ameongezewa laki moja, elfu 70 zimeingia mfukoni. Kodi haijaruka popote. Ukichora kodi dhidi ya mapato unapata mstari mmoja usiokatika, unaovunjika pembe kwenye 270,000, 520,000, 760,000 na milioni, kila kipande kikiwa kimesimama wima zaidi ya kilichotangulia. Ile asilimia 30 ni mteremko wa kipande cha mwisho. Yeye ameichukua akaifanya urefu wa grafu nzima. Ni kosa la wanafunzi wa Washington lile lile, ila sasa linamfanya mtu mzima aikatae nyongeza ya mshahara.

Mfumuko wa bei ni hivyo hivyo. Kenya ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022 na asilimia 2.7 Oktoba 2024, na kila takwimu ilipotangazwa redioni watu walipiga simu kuuliza mbona unga haujashuka. Hakuna aliyesema bei zimeshuka. Mfumuko ni mteremko. Bei ni urefu. Mteremko mdogo ulio chanya bado unapanda.

Huwa ninaambiwa kwamba watoto wetu hawana msingi, ufaulu wa Hisabati Kidato cha Nne Tanzania kwa miaka mingi umekuwa wa robo ya watahiniwa au chini ya hapo, basi tuwape hicho wanachoweza, yaani kanuni, grafu waachiwe wenye vipaji. Hoja hii inavaa koti la huruma. Iko kinyume na tunachokijua. Mvuvi wa Kunduchi ambaye hakumaliza darasa la saba anajua kwamba maji yakijaa hadi mwisho yanasimama kidogo kabla ya kuanza kupwa, na kwamba yanapanda kwa kasi zaidi katikati ya safari yao ya kama saa sita, si mwanzoni wala mwishoni. Anajua wakati wa bamvua kasi hiyo ni kubwa kuliko wakati wa maji mafu. Kwa lugha ya darasani: kwenye kilele mteremko ni sifuri, na mteremko ni mkali zaidi pale grafu inapokata mstari wa kati. Hiyo ni kalkulasi ya grafu ya saini, na ameipata kwa kutazama. Kinachowashinda vijana mara nyingi ni aljebra, na sisi tumeifanya aljebra kuwa mlango pekee wa kuingilia.

Tena mitaala yenyewe haikusema hivyo. Mtaala wa 8-4-4 wa Kenya unaweka mbinu za grafu Kidato cha Tatu, na humo mwanafunzi anachora mstari unaoigusa grafu na kusoma kasi ya mabadiliko kwa rula, kabla hajasikia habari ya kushusha kipeo. Kidato cha Nne anakadiria eneo kwa kuhesabu miraba na kwa trapeza kabla ya kufika kwenye intigresheni. Mpangilio huo ni mzuri mno. Ulipofika darasani uligeuzwa: mbinu za grafu zikawa swali moja la kuchagua la karatasi, na intigresheni ikawa orodha ya kanuni ukutani. Tanzania nako mtaala wa sekondari umejiita wa umahiri tangu mwaka 2005, na uliofuata mwaka 2023 ukarudia ahadi hiyo kwa nguvu zaidi. Ukisoma maandiko unafurahi. Ukienda kwenye tuisheni unakuta shusha kipeo, toa moja.

"Nina wanafunzi 80, niwachoreshe grafu saa ngapi?" Hili ndilo swali la haki kuliko yote, na jibu lake linategemea unaita nini grafu. Kwa wengi, kuchora grafu maana yake ni kutengeneza jedwali la x kutoka −3 hadi 3, kuweka nukta saba na kuziunganisha. Kweli hiyo inakula kipindi kizima, na haifundishi mengi. Tazama wanavyochora 1/x kwa njia hiyo: kwenye sifuri jedwali linagoma, wanaandika "haipo", kisha wanaunganisha nukta ya (−1, −1) na ya (1, 1) kwa rula, katikati ya mahali walipoandika wenyewe kwamba hapapo. Mimi nataka mchoro wa mkono, usio na skeli, wa dakika moja. Grafu inakata mihimili wapi? Inageuka wapi? Asili ya sehemu inakuwa sifuri wapi, na grafu inafanya nini hapo? Mbali kabisa kushoto na kulia inaelekea wapi? Ukishajibu hayo umechora. Wanafunzi 80 wanaweza kuchora nyuma ya daftari kwa pamoja, na mwalimu akipita kati ya madawati anaona kwa jicho moja nani amepotea. Jaribu kuona hivyo kwenye kurasa mbili za aljebra za kila mmoja.

"Michoro haisahihishwi kwa haki." Kwa nini? Nukta ya kukata mhimili ama ipo mahali pake ama haipo. Kilele kiko kushoto kwa bonde au hakiko. Grafu imevuka pale inapokatika au haikuvuka. Kila kimoja ni alama moja, na msahihishaji hahitaji hekima ya Suleimani.

Wapo pia wanaosisitiza mazoezi, na hapa sina ugomvi mkubwa nao. Kanuni lazima zikae kichwani, na anayeshindwa kufungua mabano hatafika mbali kwenye kalkulasi hata awe na jicho la mwewe. Ninachokataa ni kuita mazoezi hayo umahiri, kisha kufunga vitabu.

Mwisho kuna hoja ya simu. Leo simu ya kawaida inadifarenshieti chochote, hatua kwa hatua, bure; kwa hiyo kile tunachokipima kwa mtihani wa saa tatu ndicho hasa mashine inachokifanya kwa sekunde. Ningependa niishie hapo, lakini mpinzani ananikumbusha kwamba simu hiyo hiyo inachora na grafu. Ni kweli, inachora. Ichoree 2ˣ na x¹⁰ kwenye fremu ya kutoka 0 hadi 20, uulize ipi kubwa. Simu itakuonyesha x¹⁰ ikipaa na 2ˣ ikitambaa chini kabisa kama haipo. Kijana anayejua tabia ya fankisheni hizi mbili hatakubali. Anajua kwamba kipeo kinachokua kitakishinda kipeo kilichosimama, mapema au baadaye, na atasogeza fremu hadi akipate anachokitafuta. Kwenye 58, x¹⁰ bado inaongoza. Kwenye 59 imeshapitwa, na haitaongoza tena milele. Simu ilichora sawasawa kile ilichoagizwa. Aliyepaswa kujua cha kuagiza ni mtu.

Kwa hiyo sidai somo jipya wala vitabu vipya. Nadai swali moja la lazima, la aina hii. Chora mhimili wa muda kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Juu yake chora mstari mmoja uliopinda unaoonyesha kasi ya maji kwenye tangi la shule: ukiwa juu ya mhimili maji yanaingia, ukiwa chini yanatoka. Mstari unaanzia sifuri saa 12, unafika kilele saa 2, unakata mhimili saa 4, unafika chini kabisa saa 6 na kurudi sifuri saa 8. Usiweke namba hata moja kwenye mhimili wima. Uliza: ni saa ngapi tangi lilikuwa na maji mengi kuliko wakati wote? Ni saa ngapi maji yalikuwa yakipungua kwa haraka zaidi? Saa 8 mchana, maji ni mengi kuliko ya saa 12 asubuhi au ni machache, na umejuaje?

Kwenye swali la kwanza waliokaririshwa wataandika saa 2, kwa sababu ndiko kilele kiliko. Jibu ni saa 4. La pili ni saa 6. La tatu linataka mtu alinganishe eneo la juu ya mhimili na eneo la chini, kisha aandike sentensi mbili za kueleza, kwa maneno yake. Hakuna kipeo cha kushusha kwenye swali zima, na vyuo vikuu vinaweza kulitoa hata kesho asubuhi, siku ya kwanza ya muhula, kabla ya kumruhusu mtu aseme alishamaliza kalkulasi sekondari.